Niliyojifunza katika msitu wa Luang Por Chah

Mama yangu alifariki Songea mwezi wa Novemba, mimi nikiwa Khon Kaen, kaskazini-mashariki mwa Thailand, nikisoma shahada ya uzamili ya afya ya jamii. Sikumzika. Tiketi ya ghafla ilikuwa zaidi ya posho yangu ya miezi kadhaa, na hata ningeipata nisingewahi maziko. Kaka aliniambia kwenye simu, "Baki umalize masomo, mdogo wangu. Mama tutamsitiri sisi huku." Nilifuatilia misa kwenye simu, mtandao ukikatika. Walipoanza kutupia udongo picha iliganda, na iliporudi watu walikuwa wanaweka mashada.

Tangu nirudi nyumbani, watu kadhaa waliosikia kwamba nilikaa kwenye monasteri ya msituni kule Thailand wameniomba maelekezo. Unafikaje, ni shilingi ngapi, unaruhusiwa ukiwa Mkristo au Mwislamu, kuna ugumu gani. Mmoja wao naye amefiwa. Nitajibu yote, ila siwezi kuyajibu bila kumweleza aliyeuanzisha utaratibu wa pale, mtawa wa Kibudha aitwaye Ajahn Chah (Ajahn ni "mwalimu"), kwa sababu karibu kila kinachomsumbua mgeni kinatokana na jinsi mtu huyo alivyoishi.

Mama mwenye nyumba niliyopanga ni mkulima wa mpunga, mjane, Mbudha kama majirani zake wote. Aliniona sili. Kila asubuhi aliniwekea mlangoni kikapu kidogo cha wali wa kunata, na jioni alikikuta nusu. Siku moja mwezi wa Januari akaniambia nifungashe nguo, tunakwenda Ubon kwa Luang Por. Kwa jinsi alivyomtaja nilidhani ni mzee wa ukoo wake aliye hai.

Tulifika kwenye monasteri ya Wat Nong Pah Pong, nje kidogo ya mji wa Ubon Ratchathani, tukakuta maelfu ya watu wamejaa msituni. Wamevaa nyeupe, wamefunga vyandarua kati ya miti, wanalala chini kwenye mikeka. Pembeni kulikuwa na safu za majiko ambako watu wa vijiji na miji mbalimbali walipika na kugawa chakula bure, na ukipita bila kuchukua wanakuita. Hufanyika hivyo kila mwaka, kuanzia tarehe 12 hadi 17 Januari, kumkumbuka Ajahn Chah, ambaye watu wa pale humwita Luang Por Chah, yaani baba yao wa kiroho. Alifariki tarehe 16 Januari 1992. Mwili wake ulichomwa mwaka mzima baadaye, 16 Januari 1993, mfalme na malkia wakiwapo pamoja na umati wa mamia ya maelfu. Mama mwenye nyumba alikuwa mmoja wa umati ule. Jioni ya tarehe 16 tulilizunguka kaburi lake la mnara, kila mtu na ua, mshumaa na udi mkononi, kimya, nikamwona akilia kwa mtu aliyefariki zamani hivyo. Mimi sikuwa nimemlilia mama hata kidogo tangu simu ile ya Novemba. Hapo ndipo nilipotaka kumjua mtu huyu.

Alizaliwa tarehe 17 Juni 1918 katika kijiji cha Ban Ko, mkoa huohuo wa Ubon, familia kubwa ya wakulima wa mpunga. Aliingia unovisi, yaani utawa wa mwanzo, akiwa bado mtoto, akatoka kwenda kusaidia wazazi shambani, na tarehe 26 Aprili 1939 akapokea utawa kamili. Miaka ya mwanzo alisoma maandiko na lugha ya Kipali kama watawa wengine wa vijijini. Katika mwaka wake wa tano wa utawa baba yake akaugua sana. Chah aliacha masomo akarudi kumuuguza, akawa naye mpaka akakata roho. Baada ya hapo vitabu havikumtosha tena. Mwaka 1946 alibeba bakuli lake la kupokelea chakula, akaanza kutembea kwa miguu nchi nzima akitafuta walimu wanaoishi porini.

Habari hiyo nilipoisoma kwa mara ya kwanza niliona wivu mkali. Yeye alikaa kitandani pa baba yake. Mimi niliganda na picha ya simu. Nawaambia hili kwa sababu mtu mwenye msiba akisoma maisha ya watu wema huweza kuumia zaidi kabla hajapata nafuu, na si dalili mbaya.

Mwalimu mkubwa wa njia hiyo ya msituni alikuwa Ajahn Mun, aliyezaliwa mwaka 1870 na kufariki mwaka 1949. Yeye na mwalimu wake Ajahn Sao ndio waliofufua maisha ya watawa wa kutangatanga katika ukanda wa Isan, yaani kaskazini-mashariki mwa Thailand: kula mlo mmoja kwa siku, tena ndani ya bakuli lilelile la kupokelea, kulala chini ya miti, kutomiliki chochote zaidi ya kinachobebeka. Chah alitembea mpaka akampata, akakaa naye siku chache tu, kisha akaondoka. Hakuhitaji zaidi. Tangu hapo alijiona mwanafunzi wa Ajahn Mun maisha yake yote. Mgeni anayekwenda leo akitarajia mwalimu atamkalisha kila siku na kumweleza mambo yake binafsi atavunjika moyo. Utaelekezwa kidogo, halafu utaachwa ufanye.

Kuna usiku mmoja katika miaka yake ya kutembea ambao nimeusikia ukisimuliwa na watu wengi kule, na kila anayeusimulia hupunguza sauti. Chah alikuwa mwoga wa mizimu kama watoto wote wa kijijini kwake. Akajilazimisha kwenda kulala mahali pa kuchomea maiti. Usiku wa kwanza ilikuwa maiti ya mtoto, naye akavumilia hadi kulipokucha. Usiku wa pili wakaleta ya mtu mzima. Moto ukawaka, watu wakaondoka, akabaki peke yake ndani ya chandarua amegeuzia moto mgongo. Akaanza kusikia nyayo. Zikaja karibu, zikazunguka, zikasimama. Alitetemeka hadi mwili ukafa ganzi. Mwisho wake akajiuliza anaogopa nini hasa, akaona anaogopa kufa. Akajiuliza kifo kiko wapi, akaona kimo ndani yake mwenyewe, kwa hiyo hakuna mahali pa kukikimbilia. Woga ukamwachia. Baadaye mvua ikanyesha, akakaa pale ameloa, akilia.

Mwaka 1954 mama yake mzazi na wanakijiji walimwomba arudi kwao. Alichagua msitu ambao watu waliuogopa kwa sababu ya mizimu na homa, na malaria kweli iliwapiga sana yeye na watawa wa mwanzo, dawa hakuna. Ndiyo Wat Nong Pah Pong. Mama yake akanyoa nywele akaishi humohumo kama mtawa wa kike mpaka mwisho wake.

Wageni kutoka nje walianza kuja baadaye. Wa kwanza kubaki alikuwa Mmarekani, Sumedho, mzaliwa wa Seattle, aliyefika mwaka 1967. Kisha wakaongezeka. Mwaka 1975 kundi la watawa wageni walikwenda kwenye msitu wa kijiji cha Bung Wai, si mbali, kutafuta kuni za kuchomea mabakuli yao ya chuma yasishike kutu. Wanakijiji wakawapenda, wakawaomba wasiondoke. Luang Por Chah akakubali pawe na monasteri ya wageni, Sumedho akawa mkuu wake wa kwanza. Inaitwa Wat Pah Nanachat, na mafunzo yake ni kwa Kiingereza. Hapo ndipo nilipokwenda kukaa wakati wa likizo ya chuo.

Sasa ya utaratibu. Huendi tu na begi lako ukabisha hodi. Unaandika barua mapema, unaeleza wewe ni nani na unataka kukaa muda gani, na unasubiri jibu. Mapema ni mapema kweli, kwa sababu vibanda ni vichache, na miezi ya baridi, Desemba na Januari, ndiyo inayogombaniwa. Miezi ya Machi hadi Mei joto la Isan halina huruma. Anayetoka Tanzania, Kenya au Uganda asisahau cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kwa sababu Thailand inakidai kwa wasafiri wa nchi zetu. Nimeona watu wakihangaika nacho uwanja wa ndege. Kama una viza ya muda mrefu, kumbuka kujiripoti uhamiaji kila siku 90, na upange usije ukawa msituni tarehe yako ikapita.

Malipo hakuna. Hulipi kitanda, hulipi chakula, hulipi mafundisho. Watawa wenyewe hawagusi fedha kabisa, hiyo ni mojawapo ya kanuni zao 227. Kuna mahali pa kuweka sadaka, na hakuna atakayekuangalia umeweka nini. Gharama yangu halisi ilikuwa basi kutoka Khon Kaen hadi Ubon na gari la kukodi hadi Bung Wai. Hata hivyo nashauri ubebe kitu cha jikoni: mchele, sukari, chai, kahawa, sabuni. Kile unachokula pale kimetolewa na watu ambao wengi wao hawana uwezo kuliko wewe.

Beba tochi nzuri na betri za akiba. Usiku njia za msituni zina nyoka na nge, na hakuna taa kati ya kibanda na kibanda. Beba dawa ya kufukuza mbu, maana mbu wa mchana kule hueneza homa ya dengi. Nguo nyeupe nilikuta za kuazima, lakini za kwako mwenyewe zitakukaa vizuri zaidi, na ziwe pana, kwa sababu utakaa sakafuni saa nyingi. Ukikaa zaidi ya siku chache, mwanamume ananyolewa nywele, ndevu na nyusi. Nyusi ndizo zilizonishtua. Nilijitazama kwenye kioo kidogo cha bafuni nikamwona mjomba wangu mzee, kaka wa mama. Wanawake wanapokewa pia, wana upande wao wenye vibanda vyao, wala hawanyolewi. Simu unaikabidhi. Kama una wazazi wagonjwa au watoto, waachie ndugu zako anwani na njia ya kuwasiliana na monasteri kabla hujaikabidhi.

Kengele inalia saa tisa usiku. Nimekulia karibu na abasia ya Wabenedikto ya Peramiho, kengele ya watawa si ngeni masikioni mwangu, lakini saa tisa usiku ni saa nyingine. Mnaimba sala kwa Kipali, mnakaa kimya. Alfajiri watawa wanatoka pekupeku kwenda vijijini kupokea chakula, na mgeni anaweza kufuatana nao kubeba mizigo. Hilo usilikose. Watu wamepiga magoti kando ya barabara, kila mmoja na kikapu cha wali wa kunata, na kila bakuli linapopita anamega tonge kwa vidole, analiviringisha kidogo, analidondosha ndani. Bibi mmoja mwenye mkono unaotetemeka alimshika mjukuu wake kiwiko, wakamega pamoja. Hakuna anayesema asante. Mtawa hafungui mdomo, anasogea tu.

Mnakula mara moja kwa siku, kwenye saa mbili asubuhi, kwa ukubwa wa utawa: aliyetangulia kuvaa joho anatangulia, wageni mwisho. Unaweka kila kitu kwenye chombo kimoja, wali, mboga, samaki, embe, kitindamlo. Baada ya adhuhuri hakuna chakula tena, ni kinywaji tu saa za jioni. Watu wengi wanaogopa njaa. Njaa inakusumbua siku za mwanzo kisha unaizoea. Magoti na mgongo vinasumbua zaidi, na kwa hivyo omba mto wa ziada bila haya.

Kilichonielemea mimi ni ule muda wa katikati, kuanzia baada ya chakula hadi saa tisa alasiri. Uko peke yako kwenye kibanda cha mbao, mkeka, chandarua, njia fupi iliyosafishwa ya kutembelea mbele na nyuma. Huna simu, huna kazi, huna wa kuongea naye. Nilikuwa nimekwenda kutafuta utulivu, nikakutana na hospitali ya Songea ambayo sikuwahi kuiingia wakati mama amelazwa, nikaitengeneza kichwani chumba kwa chumba. Nikapanga tena na tena safari ambayo sikuisafiri. Nilimkasirikia kaka kwa kuniambia nibaki, nikamkasirikia profesa, nikamkasirikia mama mwenyewe kwa kuficha ugonjwa ili nisikatishe masomo.

Na jioni, wakati wa kufagia, hasira ilipata pa kutokea. Kila siku saa tisa alasiri mnafagia majani kwenye njia za msitu kwa mafagio marefu, na kesho yake njia zimejaa tena. Nilipangwa na mgeni mmoja kutoka Ulaya aliyefagia taratibu mno na kuimba puani. Nilimchukia kwa nguvu ambayo leo siwezi kuieleza. Niliwaza mpaka jinsi nitakavyomwomba mkuu wa wageni anihamishe.

Mtawa mmoja wa siku nyingi, niliyemweleza hilo, alinijibu kwa kisa cha Luang Por. Alisema Luang Por Chah hakuwatenga watawa wasiopatana, alikuwa tayari hata kuwapanga pamoja. Alichelewesha chakula makusudi, watu wamekaa na mabakuli yaliyojaa mbele yao. Alihubiri saa nyingi usiku kwa Kilao, mbele ya watawa wageni wasioelewa neno, miguu imewafa ganzi, naye akitazama nani atanung'unika. Siku za joto kali aliwaweka kwenye banda la bati wamejifunga majoho yao yote. Hakuwa mkatili, waliokaa naye wanakumbuka ucheshi na upole wake kuliko kitu kingine. Ila aliamini kwamba mtu hawezi kuona kinachomtesa kama kila mara anapewa mlango wa kutokea. Msitu kwake haukuwa mahali pa kujificha.

Basi nikaendelea kufagia na yule Mzungu. Sikumpenda. Lakini siku moja katikati ya wimbo wake wa puani nikagundua kwamba ni pumzi ya mgonjwa niliyokuwa naisikia, ile niliyoisikia kwenye simu ya mwisho mama aliponipigia na mimi nikamwambia niko maabara, nitampigia baadaye. Nililia pale njiani na fagio mkononi. Yule mtu aliacha kuimba, akasogea akafagia upande wangu mpaka mwisho wa njia, hakuniuliza kitu.

Usiku huo niliogopa sana kibandani. Sina hadithi ya nyayo, zilikuwa kelele za kawaida za msitu, lakini nilikaa macho na tochi. Kwenye ukumbi wa pale kuna mifupa kamili ya binadamu imesimamishwa, ili watu waitazame wakati wa kutafakari. Siku za mwanzo niliipita nimeinamisha uso. Asubuhi iliyofuata nilikaa mbele yake, nikaiangalia mikono. Mikono ya mama ilikuwa mikubwa, ya mtu aliyelima mahindi maisha yake yote. Niliweza kuifikiria ikiwa udongoni Songea bila kukimbia wazo hilo. Sijui niseme nini zaidi juu ya hilo.

Kuhusu dini. Mimi ni Mkatoliki na nimerudi Mkatoliki. Nilimwuliza mkuu wa wageni siku ya kwanza kuhusu kusujudu mbele ya sanamu, akasema hakuna anayenitaka nibadili imani. Kusujudu pale ni heshima ya kimonasteri, nikiweza nifanye, nisipoweza nikae kimya na mikono imekunjwa. Nilikaa kimya. Hakuna aliyenitazama vibaya. Ila maadili manane ya mgeni si hiari: usiue hata mbu, usichukue usichopewa, usifanye ngono, usiseme uongo, usinywe kilevi, usile baada ya adhuhuri, acha muziki na kujipamba, usilale kwenye kitanda cha anasa. Ukiona dhamiri yako inagoma, afadhali uwaandikie swali lako kabla ya kusafiri kuliko kufika ukakasirika. Na ujue adabu ndogondogo: mtawa hali chakula ambacho hakikuwekwa mikononi mwake au kwenye bakuli lake, hachimbi udongo, hakati mmea ulio hai, na hagusani na mwanamke, kwa hiyo mwanamke anayempa kitu hukiweka juu ya kitambaa ambacho mtawa amekitandaza.

Jambo moja ni zito, na nawasihi mlizingatie. Monasteri si hospitali. Kijana mmoja alikuja akiwa ameacha dawa zake za sonona bila kumwambia daktari wala watawa, akidhani kutafakari kutamtosha. Akakosa usingizi, akaanza kuongea peke yake, na usiku mmoja akaondoka kwa miguu bila taarifa. Alipatikana salama kijijini, lakini tulimtafuta na tochi kwa hofu kubwa. Kama unatumia dawa, endelea nazo na waambie. Kama msiba wako ni wa wiki iliyopita, kaa kwanza na watu wako wanaojua kukupikia na kukukalisha mkekani. Ukimya mrefu kwa mtu ambaye hajapata wa kulia naye unaweza kumvunja.

Nilipotoka, nilipita tena Wat Nong Pah Pong siku ya kawaida, hakuna umati. Nilitaka kuelewa miaka yake ya mwisho, kwa sababu mama mwenye nyumba alikuwa anaizungumzia zaidi ya kitu kingine chochote. Luang Por alikuwa na kisukari. Mwaka 1977 alikuwa bado na nguvu, akaenda London na Sumedho, akawaacha wanafunzi wake waishi kwenye nyumba moja Hampstead na kuwaagiza watoke kila asubuhi na mabakuli, hata kama hakuna wa kuwapa. Katika matembezi hayo walikutana na mtu aliyekuwa anakimbia mazoezi, ambaye baadaye aliwapa msitu ulioko Sussex, kusini mwa Uingereza, ndiyo mwanzo wa monasteri ya Chithurst. Miaka michache baada ya hapo afya ikaanguka. Mwaka 1981 alifanyiwa upasuaji Bangkok, haukumsaidia, akapooza, kisha akapoteza usemi. Mwalimu aliyehubiri usiku kucha aliishi karibu miaka kumi hawezi kusema wala kujigeuza kitandani.

Watawa walimhudumia kwa zamu, usiku na mchana, miaka yote hiyo. Walimwogesha, walimgeuza, walimlisha, walimtoa nje kwenye kiti cha magurudumu. Kwa elimu yangu najua kazi hiyo ilivyo, najua vidonda vya mgongo vinavyomnyemelea mgonjwa wa namna hiyo. Kumtunza mtu kwa muda wote huo kunahitaji uangalifu wa kila saa. Mama mwenye nyumba alisafiri mara kwa mara kwenda kumwona akipitishwa kwenye kiti, akiwa mmoja wa mamia waliosubiri. Aliniambia kwamba zamani Luang Por aliwafundisha kuitazama bilauri nzima wakijua tayari imekwisha kuvunjika, na miaka ile ya ugonjwa ndipo walipoiona bilauri yenyewe.

Ndipo nikamfikiria dada yangu. Yeye ndiye aliyemgeuza mama. Yeye ndiye aliyelala chini kwenye korido ya wodi. Tangu Novemba nilikuwa nimezungumza naye mambo ya shamba na ada za watoto tu, sikuwahi kumwuliza. Nilimpigia kutoka stendi ya basi Ubon. Nikamwambia, "Dada, nisimulie mama alivyoondoka, usinifiche kitu." Alikaa kimya, kisha akaniambia alikuwa anasubiri nimwulize. Alisimulia mpaka basi likafika Khon Kaen, salio likaisha mara kadhaa, nikaongeza. Mengine yalikuwa mazito kuyasikia. Mama aliniulizia, naam. Aliuliza pia kama nguruwe wamelishwa.

Siwezi kumwahidi mtu kwamba atatoka pale na kitu kama hicho. Wengine waliokaa pamoja nami walichoka wakaondoka mapema, na mmoja amebaki, sasa ni novisi.

Kwa wasioweza kusafiri mbali, Uganda kuna kituo cha Wabudha karibu na Entebbe, kilichoanzishwa mwaka 2005 na mtawa Mganda, Bhante Buddharakkhita, naye ni wa njia hiyohiyo ya Theravada, tawi la kale la Ubudha linalofuatwa Thailand, ingawa si ya tawi la Luang Por Chah. Dar es Salaam nako kuna hekalu la muda mrefu la jamii ya watu wa Sri Lanka, lina mti wa bodhi uani, mti wa aina ile ambayo Buddha alikaa chini yake. Nenda ukaketi huko kwanza, ujue kama mwili wako unaweza kukaa sakafuni saa nzima. Na kwa ambaye tayari yuko Thailand kwa masomo au biashara, mkusanyiko wa Januari hauhitaji barua yoyote. Fika Wat Nong Pah Pong kabla ya tarehe 12 upate sehemu yenye kivuli, vaa nyeupe, beba chandarua, mkeka na blanketi kwa sababu usiku kuna baridi, na kama una nguvu zako jiunge na majiko. Wanahitaji watu wa kuosha vyombo kuanzia alfajiri.